Kucha kwanza, mashine baadaye: kuhusu mikwaruzo ya vioo vya magari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wenye magari wengi wa Mombasa hulivumilia kila siku bila kulitaja, nalo ni mikwaruzo myembamba kama unywele inayotanda kwenye vioo vya magari yetu, isiyoonekana hata kidogo saa sita mchana, lakini ikimulikwa na jua la jioni au na taa za lori linalokuja mbele hugeuka utando wa mwanga ukaifunika barabara nzima. Nilifanya kazi miaka 22 katika karakana ya kusaga na kung'arisha vioo vya miwani hapa mjini, mpaka lenzi za plastiki zilipotuondolea kazi, na kwa hivyo kioo nakijua kwa kukishika. Ninalotaka kusema ni kwamba mkwaruzo mwembamba unaweza kuondolewa, ila kioo cha mbele, hasa sehemu iliyo mkabala na macho ya dereva, hakifai kuguswa na mashine yoyote kabla ya kupimwa kwa kucha, na fundi anayekigusa bila kupima humkabidhi mteja gari la hatari linalong'aa.

Kilichonisukuma kuandika ni mkasa wa mpwa wangu, dereva wa teksi anayeishi Mtopanga na ambaye huvuka Daraja la Nyali mara nyingi kwa siku. Waipa zake zilikuwa zimechakaa hadi chuma kikatokeza, zikamwachia upinde wa mikwaruzo mbele ya usukani. Alipokuwa akirudi kisiwani jioni, jua likiwa limeinama upande wa Changamwe, upinde huo uliwaka kama waya wa moto. Akaenda kwenye gereji moja ambayo sitaitaja, akahakikishiwa kwamba kazi ni ya nusu saa, na kweli nusu saa haikupita: kioo kilipigwa msasa wa maji, kikapigwa mashine, kikapanguswa, kikang'aa kuliko siku gari lilipotoka bandarini. Alilipa akaondoka akiwa na furaha. Usiku huohuo akanipigia simu: "Mjomba, njoo uangalie, nguzo za taa zinacheza."

Nilikwenda nikakaa kwenye kiti chake. Mikwaruzo haikuwapo tena, lakini kila nilipousogeza uso kidogo, ukingo wa barabara ulijipinda kisha ukajinyoosha, kama kitu kinachotazamwa kupitia maji yanayotikisika. Sikuhitaji kifaa cha kupimia. Lenzi ni kioo ambacho unene wake haulingani, na fundi yule, kwa kusugua mahali pamoja hadi akachimba bonde lisiloonekana kwa macho, alikuwa amempa mpwa wangu miwani ambayo hakuna daktari aliyeiandika, tena akamfungia mbele ya uso asiweze kuivua.

Watu husahau kwamba unyoofu wa kioo ulitafutwa kwa jasho. Hadi kati ya karne iliyopita, kioo kilichotakiwa kiwe hakipindi taswira kilibidi kisagwe na kung'arishwa pande zote mbili kwa mitambo mikubwa, na ni mwaka 1959 tu ambapo kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza njia ya kukimimina kioo kilichoyeyuka kikaelea juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kikajilaza chenyewe kikatoka laini bila kusagwa. Unyoofu huo ndio tunaounajisi kwa kipande cha msasa na mtu mwenye haraka.

Basi kipimo chenyewe ni hiki. Osha kioo, kikaushe, kisha pitisha ncha ya ukucha wako polepole kuukatiza mkwaruzo, si kuufuata. Ukucha ukiteleza kana kwamba hakuna kitu, mkwaruzo huo uko kwenye ngozi ya juu kabisa na unaweza kung'arishwa. Ukucha ukinasa, hata kwa mnaso mdogo wa kusitasita, ujue kuna mfereji, na mfereji hauondoki ila kwa kukishusha kioo chote kinachouzunguka hadi kifike chini yake. Hapo ndipo bonde linapopatikana. Kwenye kioo cha mlango wa nyuma, ambako abiria hutazama minazi tu, pengine bonde hilo halimdhuru mtu. Mbele ya dereva ni hatari, na mkwaruzo wa mpwa wangu, aliokwaruziwa na chuma cha waipa, ulikuwa unanasa ukucha tangu mwanzo. Kupima kungechukua muda wa kufumba na kufumbua.

Kabla hata ya kufikiria kuuondoa mkwaruzo inafaa kujua ni nani aliyeutia, na hapa naogopa kwamba jibu mara nyingi ni sisi wenyewe. Katika vipimo vya ugumu wa madini vinavyoanzia 1 hadi 10, kioo cha kawaida hukaa karibu na 5.5. Chokaa ya matumbawe, ambayo ndiyo jiwe lililojengea Mji wa Kale, iko kwenye 3, kwa hiyo vumbi lake peke yake halina nguvu ya kukikwaruza kioo. Lakini chembe nyeupe za mchanga wa mto, ule unaobebwa na malori ya ujenzi yakiupukuta njia nzima, ni madini ya kwatzi ambayo ugumu wake ni 7. Chembe moja tu ya aina hiyo ikinaswa kati ya tambara na kioo, huandika kila mahali mkono unapopita.

Sasa tazama jinsi gari linavyooshwa katika vibanda vyetu vingi. Kijana huanza na bodi, hushuka kwenye magurudumu, kisha kwa ndoo ileile na tambara lilelile hupanda kwenye vioo. Tambara likimponyoka hulikung'uta mara mbili akaendelea. Au, na hili ndilo baya zaidi, mwenye gari mwenyewe, akiwa kwenye foleni ya feri Likoni na kioo kimejaa vumbi, huchukua kipande cha kanga kuukuu kilichokuwa chini ya kiti akapangusa pakavu kwa kuzungusha mkono. Kanga haina kosa, ni pamba laini. Kosa ni mchanga uliolala ndani yake. Mikwaruzo ya mviringo inayoizunguka taa ya barabarani usiku kama utando wa buibui hutoka hasa kwenye mkono huo unaozunguka. Mhariri utaniwia radhi nikisema kwamba gazeti lako nalo limo katika shauri hili, kwa maana wengi hulitumia kupangusia vioo wakishalisoma. Juu ya kioo kilichokwisha oshwa halina neno, na hukausha vizuri sana, lakini juu ya vumbi ni tambara tu lenye habari.

Dawa ya hayo ni maji mengi kabla ya mkono. Maji yatangulie yachukue mchanga, vioo vioshwe kabla ya magurudumu, viwe na ndoo yao na kitambaa chao kisichoguswa na kitu kingine, na mkono uende kwa mstari ulionyooka. Sioni gharama yoyote hapo isipokuwa ndoo ya pili.

Waipa zina kesi yao ya peke yake. Jua letu huukausha mpira wake ukawa mgumu na wenye nyufa, na wakati wa kiangazi, upepo wa kaskazi ukivuma na mvua ikiwa haijulikani, hakuna anayezikumbuka. Masika yakianza, tone la kwanza likidondoka, dereva huziwasha papo hapo, nazo huanza kuburura vumbi la miezi mitatu juu ya kioo kisicho na maji ya kutosha hata kulilainisha. Tangi dogo la maji ya kioo lililo chini ya boneti liko tupu katika magari mengi niliyoyafungua, au tundu zake zimeziba. Lijazwe, maji yarushwe kwanza, ndipo waipa zifuate. Mpira upanguswe kwa kitambaa kibichi kila gari linapooshwa, na ukianza kulia au kuacha michirizi ubadilishwe, jambo ambalo kwa jua la Pwani mtu asilisubiri zaidi ya mwaka mmoja.

Mikwaruzo ya vioo vya milangoni ina tabia nyingine: mara nyingi husimama wima, kutoka juu kwenda chini. Hiyo hutokana na mchanga uliojikusanya katika mpira na kitambaa cha manyoya kilicho ukingoni mwa mlango, ambapo kioo huingia kikishushwa, kwa hiyo kila kinapopanda na kushuka hukwaruzwa upya. Mtu anaweza kukilipia kioo hicho king'arishwe leo, na baada ya wiki mbili akaukuta mstari uleule, kwa sababu mpira haukusafishwa. Brashi laini, maji, na ikiwezekana pampu ya upepo, vinatosha.

Halafu kuna mikwaruzo ambayo si ya kioo kabisa. Magari mengi hapa yamebandikwa tinti upande wa ndani, na tinti ni karatasi ya plastiki. Hukwaruzwa na mkanda, na pete, na kucha za watoto. Kabla ya kumruhusu yeyote aweke mashine, gusa pande zote mbili ujue mkwaruzo uko wapi. Ukiwa ndani na kioo kina tinti, hakuna unga wala mashine itakayousaidia isipokuwa kuibandua tinti na kuweka nyingine. Na kwenye kioo cha nyuma wembe usitumike kuibandua, kwa sababu zile nyuzi nyembamba zinazopasha kioo joto zimelala upande huohuo na wembe huzikata.

Pia tusichanganye mkwaruzo na doa la maji. Maji ya visima vyetu vingi ni ya chumvi na yana chokaa, na kwa kuwa maji ya mfereji hayaaminiki, vibanda vingi vya kuoshea magari hutumia ya kisima. Matone yakiachwa yakaukie juani huacha duara nyeupe ambazo watu huzishambulia kwa waya wa kusugulia sufuria, na hapo doa lililokuwa la kuoshwa hugeuzwa mikwaruzo ya kweli. Siki ya jikoni iliyochanganywa na maji kiasi sawa, au hata ndimu, ikiachwa dakika chache juu ya doa kisha ikaoshwa vizuri isiguse rangi ya gari, huyayeyusha madoa mengi ya namna hiyo bila kusugua.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa mkwaruzo ambao ukucha haukunasa. Kinachong'arisha kioo ni unga wa oksidi ya seriamu, ambao una rangi iliyo kati ya kaki na waridi, na ambao sisi karakanani tuliutumia mwisho kabisa, lenzi ikishapita kwenye mchanga wa kusagia. Uzuri wake ni kwamba hautegemei kukwangua peke yake. Ukikutana na maji huungana na ngozi ya juu ya kioo na kuibandua kidogokidogo sana, ndiyo sababu huacha uso laini badala ya kuacha mikwaruzo midogo zaidi. Hukorogwa na maji ukawa kama uji mwepesi wa mtoto. Gari liwe kivulini, kioo kiwe kimepoa, mipira na rangi iliyo karibu ifunikwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi, maana unga ukikauka kwenye mpira mweusi ni taabu kuutoa. Upande wa pili wa kioo mkwaruzo uzungushiwe alama kwa kalamu, la sivyo utakapoanza kupaka hutauona tena.

Kisha kipande cha duara cha sufi nzito hufungwa kwenye drili inayozunguka polepole, si kwenye grainda ya kukatia chuma inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Mkono husogea bila kutulia mahali pamoja na hupita eneo kubwa kuliko mkwaruzo wenyewe, ili unene upungue kwa ulinganifu. Kila mara hunyunyizwa maji, na kila baada ya dakika moja au mbili kiganja huwekwa juu ya kioo: kikiwa cha moto kuliko kiganja, kazi husimama. Huoshwa, hutazamwa dhidi ya mwanga, hurudiwa. Kioo cha mlango wa gari langu kilinichukua karibu saa mbili kwa mikwaruzo iliyofikia upana wa kiganja, na mkono uliuma siku mbili. Anayeahidi kuimaliza kwa dakika kumi hana unga huo, au anao lakini anautumia kwa joto.

Na joto si jambo la mzaha. Vioo vya milangoni kwa kawaida ni vya kukazwa kwa moto, vile ambavyo vikivunjika hutapakaa kama punje za mahindi, na hivyo hustahimili joto kiasi. Kioo cha mbele si hivyo. Hicho ni vipande viwili vilivyobandikwa pamoja na utando wa plastiki katikati, mbinu ambayo Mfaransa Édouard Bénédictus aliichukulia hataza mwaka 1909 baada ya kuona chupa iliyoanguka ikipasuka bila kutawanyika, na vipande vyake havikukazwa kwa moto. Sehemu moja ikipata joto huku jirani yake ikiwa baridi, kioo kinaweza kupasuka mikononi mwa fundi, hasa kikiwa tayari kina kidonda cha kokoto. Kwa sababu hiyohiyo nawasihi wenye kumwagia maji baridi kioo kilichoshinda juani wasubiri gari lipoe kwanza.

Kuhusu dawa za nyumbani nitasema kwa ufupi. Dawa ya meno inaweza kusafisha uchafu ulioganda ukadhani mkwaruzo umeondoka, lakini haina nguvu ya kuuondoa mkwaruzo wa kioo. Rangi ya kucha isiyo na rangi huujaza mfereji kwa muda na usiku hung'aa vibaya kuliko mfereji wenyewe. Msasa hufuta mkwaruzo mmoja kwa kuweka mia, na asiyekuwa na unga wa kumalizia na saa kadhaa za kuutumia asiuguse.

Najua nitaambiwa kwamba afadhali kubadilisha kioo. Wauzaji wa vioo husema hivyo kwa kila mkwaruzo, na mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Kioo kilichobandikwa kiwandani ni sehemu ya uimara wa gari. Kikibanduliwa na kurudishwa kwa gundi duni au kwa haraka huvuja masika yote, na katika ajali huenda kisikae mahali pake. Zaidi ya hayo, baadhi ya magari yanayoletwa kutoka Japani siku hizi yana kamera nyuma ya kioo cha mbele, na zinahitaji kurekebishwa upya kioo kikibadilishwa, kazi ambayo si kila gereji inaiweza. Kwa hiyo kwa mkwaruzo mwembamba wa pembeni mimi husema uachwe au ung'arishwe. Kwa mfereji ulio mbele ya macho ya dereva husema kioo kibadilishwe na mtu anayeijua kazi. Chaguo la tatu, la kusugua mpaka pang'ae, silitambui.

Nilipokuwa kazini walikuja wateja wengi, wengi wao wa umri wangu wa sasa, wakilalamika kwamba miwani mipya haiwafai kwa kuendesha usiku, kwamba taa za malori ya bandarini kule Miritini zinawatawanyikia machoni. Wengine kwa hakika walikuwa na mtoto wa jicho na tukawaelekeza kwa daktari. Lakini kadhaa niliwaomba tutoke nje hadi kwenye gari, nikawasha tochi upande wa pili wa kioo, nao wakaona wenyewe. Ningependa kila mwenye gari afanye jaribio hilo usiku mmoja kabla ya kuyalaumu macho yake.

Ombi langu kwa wenye gereji ni dogo. Kabla ya kuwasha mashine, mshikeni mteja mkono, mpitishie ukucha wake mwenyewe juu ya mkwaruzo, na mwambieni waziwazi ukinasa. Mkimpoteza kwa kazi ile atarudi kwa nyingine. Kwa vijana wa kuosha magari, ndoo ya vioo iwe ya vioo.

Mpwa wangu amebadilisha kioo, na gharama ilikula mapato yake ya wiki tatu. Kile cha zamani nilikiomba, nimekiegemeza ukutani uani kwangu, na nyuma yake nimechora mistari iliyonyooka kwa chaki. Vijana wawili wa kibanda cha jirani walikuja kukitazama Jumapili; mmoja wao aliinama, akainuka, akainama tena, kisha akaniuliza kama mistari ile niliichora mwenyewe hivyo ilivyopinda.

Wako mwaminifu,
Msaga vioo mstaafu,
Tudor, Mombasa